Mayai Yaliyoiva Njiani

Jumatatu, 3 Februari

Daktari Ruguru ametangaza mtihani. Hautaandikwa. Kila kundi litafunga kifaa chake kwenye boda boda, kifaa kibebe trei ya mayai kutoka Karurumo hadi soko la Runyenjes. Yakifika mazima, tumepita. Wakulima wanapoteza mayai mengi kwenye matuta ya barabara, alisema, na kozi hii ya ubunifu, uhandisi na kazi ya pamoja si ya kuchora picha tu. Akaniangalia mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu. Kozi hii si ya lazima. Niliichagua kwa hiari yangu baada ya kusikia haina mtihani.

Kundi letu ni watu watatu. Lenah wa uhandisi, anayepima kiti kabla ya kukikalia. Gitari wa kilimo, anayejua kusuka mkonge. Na mimi, Bundi, mwenye maono.

Jumatano, 5 Februari

Lenah ametengeneza springi kutoka viti vya baiskeli kuukuu. Gitari amesuka kikapu. Nilipendekeza mabawa. Nikapewa brashi na rangi.

Nimepaka nje na ndani. Lenah aliuliza kwa nini ndani, mayai yataona nini. Hajui urembo.

Adrian wa kundi la pili ametandika sanduku lake kwa kipande cha godoro. Siku hizi anapita akipiga mluzi. Siwezi kushindwa na mtu anayepiga mluzi.

Ijumaa, 7 Februari

Wazo limenijia nikioga. Yai lililochemshwa halimwagiki.

Nikajitolea kuleta mayai. Lenah alishangaa, kwa kuwa sijawahi kujitolea. Gitari alinishika mkono akasema sasa naona umekuwa mmoja wetu. Niliona haya kidogo. Kisha nikachemsha trei nzima kwenye ndoo, kwa koili ya umeme ambayo hosteli imeipiga marufuku. Machache yalipasuka. Nikala ushahidi, nikachemsha mengine.

Jumamosi, 8 Februari

Ndambiri, mwenye pikipiki, aliruka matuta kama anayefukuzwa. Mayai ya Adrian yalifika yakiwa uji, na godoro likawa limekunywa nusu. Yetu yalifika mazima yote. Lenah alijifunika uso kwa mikono, akalia. Mimi nikapokea pongezi kwa niaba ya kundi.

Tatizo ni Mama Kanana. Daktari alikuwa amepanga mayai yakaangwe kwenye hoteli yake, sote tule. Mama Kanana akagonga yai kwenye bakuli. Halikumwagika. Akagonga la pili.

“Kijana, hii mayai imeiva,” akasema.

Ningenyamaza. Badala yake nikaeleza kwamba springi husuguana, msuguano huleta joto, na joto limeyaivisha mayai njiani. Tulitaka kuwashangaza, nikasema. Watu wa soko wakasogea. Mzee mmoja akauliza kama kikapu kinaweza kuivisha githeri pia. Nikamwambia kinaweza, ila kwa sababu ya mahindi na maharagwe makavu italazimu pikipiki ifike mbali zaidi, hadi Muthara. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Lenah alikuwa ameacha kulia.

“Bundi,” akasema polepole, “mayai yakiiva kwa kutikiswa, Ndambiri angekuwa ameiva zamani.”

Ndambiri akakubali kwamba bado.

Daktari Ruguru hakucheka. Kundi zima limepata sifuri.

Jumatatu, 10 Februari

Lenah na Gitari wameenda kumwomba Daktari. Nilikwenda pia ili nifafanue. Waliniambia nisimame nje, tena mbali na dirisha.

Daktari amekubali turudie Jumamosi. Mayai atayaleta mwenyewe. Mimi nisiyaguse.

Nilidhani Lenah atanifokea. Hakufoka. Alisema tu, “Sasa hata mimi sijui kama springi zangu zinafanya kazi.” Akachukua kikapu, akaenda. Chakula cha mchana sikumaliza. Cha jioni nilimaliza.

Jumamosi, 15 Februari

Nilisimama ng'ambo ya barabara kama nilivyoagizwa. Ndambiri alipofika, Lenah aligusa kifuniko, akakiacha. Gitari akafungua. Mayai yote mazima. Daktari akapasua moja kwenye bakuli, likamwagika vizuri, ute na kiini. Soko zima likapiga makofi kwa sababu yai limemwagika. Hata Adrian alipiga.

Daktari akasema wamepita. Lenah alicheka hadi akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, bila kupima.

Kwa kuwa mtihani ulikuwa umekwisha, nikaona katazo nalo limekwisha. Nikachukua trei nimpelekee Mama Kanana jikoni. Nikajikwaa kizingitini. Mayai yaliyovumilia matuta yote ya njia hii yaliishia kwenye sakafu ya hoteli, na baadhi kwenye kiatu changu. Mama Kanana akanipa tambara. Gitari akasema utafiti umekamilika: pikipiki ni salama kuliko Bundi.

Jumapili, 16 Februari

Wenzangu wamepita. Alama yangu bado inaning'inia. Daktari anataka niandike insha kuhusu nilichojifunza juu ya uaminifu na kushirikiana na wengine.

Nimeitafakari kanisani wakati wote wa mahubiri. Jibu ni rahisi: nishirikiane na wengine. Adrian ataandika utangulizi, kwa sababu sasa ananihurumia. Hitimisho nitalitoa kwenye insha ya mwanafunzi wa mwaka jana. Lenah alikataa kabla sijamaliza kuuliza, lakini kundi lolote lina mtu wa namna hiyo. Mimi nitasimamia.

Sehemu ya uaminifu nimempa Kathuri, jirani yangu hapa hosteli. Yeye ni mtu wa kwaya. Nimemsihi sana asimwambie mtu.