Nani Kamla Kaa wa Shangazi?

Jumatatu, 9 Juni. Maparoni.
Shangazi Mwantum kanikabidhi kaa! Mimi, si Haruni mwanawe. Kaa koko dume, mpana kama sahani, peke yake ndani ya kizimba cha fito kilichozamishwa kwenye tope la mkondo. Akinenepa, mnunuzi akamchukua, naenda Kibiti likizo yote kwa Mjomba Bwanaheri. Umeme, feni, intaneti! Nikiharibu, napanda dunguni, kile kichanja kirefu cha shambani, na Haruni, kuwinga ndege wasile mpunga. Haruni kasema dungu ameshalifagia. Mbona mapema? Anajua nini?

Jumanne, 10 Juni.
Kaa hali. Nimempa matumbo ya samaki, kayatazama kama mgeni aliyekuja na chakula chake. Shangazi kasema nimwache, ana shughuli zake, nisimfunguefungue. Shughuli gani, kaa? Asiyekula ameshalishwa. Na nani? Haruni alipojilaza baada ya adhuhuri nikamnusa mikono. Samaki! (Ingawa hapa kila mtu ananuka samaki. Hata mimi.)

Jumatano, 11 Juni.
Shangazi kaenda msibani Mtunda. Kaniachia neno moja: subira. Nimefungua kizimba asubuhi. Nikafungua adhuhuri. Alasiri, yarabi! Gamba tupu! Miguu ipo, magando yapo, nyama hamna. Kaliwa, kisha kapangwa vizuri nidhani mzima. Huo ni ufundi wa mtu. Tope la chini sikulipekua. Naogopa, lina giza.

Nikamshutumu Haruni. Kwa aibu yangu nilimshutumu nikiutazama mlango, kwa sauti ndogo, akanilazimisha nirudie. "Ati nini, msomi? Nimemla kaa mbichi, halafu nikarudisha gamba?" Kacheka mpaka kakaa chini. Asiye na hatia hacheki hivyo. Kasema tumngoje mama yake. Ndivyo wasemavyo wezi!

Alhamisi, 12 Juni.
Nina mpango! Gharibu mvuvi kanipa kaa mwingine, mkali kweli, nami nitamparia samaki magamba wiki nzima. Nimemtumbukiza kizimbani. Shangazi hatajua, usoni kaa wote ni wamoja. Na huyu anakula! Hata matumbo ya samaki hayataki. Anashuka topeni, anatulia huko, anatafuna. Alhamdulillahi. Nimeshakunja nguo za Kibiti.

Ijumaa, 13 Juni.
Shangazi karudi. Kapekua tope kwa mkono mtupu, katoa kipande cha gando, laini kama andazi lililoloa chai. Akauliza nani kaingiza kaa wa pili. Nikatazama miguu yangu.

Akaeleza polepole, na upole wenyewe ndio ulioniua. Kaa akitaka kukua huacha kula, hujivua gamba zima zima, akajificha topeni angali laini. Siku chache tu anakuwa mgumu, tena mkubwa kuliko mwanzo. Mnunuzi naye angengoja. Ila ukimletea mwenziwe katika hali ile, umemletea mlaji.

"Sabra, mwanangu, kazi yako ilikuwa kungoja tu. Hiyo nayo imekushinda?"

Mambo haya tulifundishwa kidato cha pili, kwa Kiingereza. Swali lake kwenye mtihani nilipata.

Haruni hakucheka. Kanibebea mkeka mpaka dunguni. Mbona mwema ghafla?

Jumapili, 15 Juni. Dunguni.
Nimetubu. Sasa mimi ni mtu wa subira. Haruni kasema mpunga huu haujambo, punje ndiyo kwanza zinajaa, tuwinge ndege, tungoje zikomae. Nikaitikia vizuri.

Alipokwenda kuchota maji nikabana punje moja. Hamna mchele! Maji meupe tu, kama maziwa. Nikabana nyingine. Nikabana shuke zima, kisha la jirani yake. Yote maziwa! Kuna mtu kamuuzia Shangazi mbegu za uongo, maskini, naye hajui. Na Haruni anasema haujambo? Kalipwa na nani?

Simwambii mtu. Kesho akisinzia nashuka, nang'oa jaruba la kwanza lote, niikague mizizi.