Honda ya Padri Gerardi

Erasmus hakuwa mwizi. Hilo naomba tuelewane mapema, maana Mpanda mjini kuna watu wana midomo. Mwizi anavunja mlango. Erasmus alifunguliwa, akapewa kiti na maji ya kunywa, kisha akaondoka na alichokitaka huku mwenye nyumba akimsindikiza mpaka barabarani.

Siku hiyo alikuwa Kibaoni anauza dawa ya panya. Dawa yenyewe ilikuwa majivu na pilipili, na panya wa Kibaoni walikuwa wanaendelea vizuri tu. Mvua ikamkimbiza hadi barazani kwa Mama Theopista, mjane wa marehemu katekista Fabiani. Akiwa pale anakung'uta shati, akatupa jicho kwenye banda la kuku, akaona jogoo mwekundu amekaa juu ya usukani.

Usukani! Moyo ukampiga paa. Akasogea, akapangusa mavi ya kuku kwa kiganja, na kiganja kikakutana na tenki. Ilikuwa Honda ya zamani, zile ndefu za tairi kubwa walizokuwa wanapanda mapadri na mabwana shamba. Kutu ilikuwa imeila, lakini haikuwa imeimaliza.

"Mama," akasema kwa sauti ya msibani, "hiki kitu kimekaa hapa tangu lini?"

"Tangu baba yenu Fabiani atutoke. Kwani kuna nini?"

"Na radi haijawahi kupiga hapa?"

Jamani, upande ule wa Mpimbwe ukitaja radi wakati mvua inanyesha, huna haja ya kuongeza neno. Erasmus akaongeza hata hivyo. "Hizi pikipiki za zamani zina sumaku ndani. Sumaku na radi ni ndugu wa tumbo moja, mama. Inaiita." Na mbingu, bila hata kuahidiwa chochote, ikanguruma kule Majimoto.

Mama Theopista akashika rozari. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Iondoke hapa. Nitaibeba mimi. Nikifa njiani, nimekufa."

Mama akampikia wali kwa kuku, akamfungia na yule jogoo mwekundu kama asante. Honda ikapakiwa kwenye lori la mpunga, na Erasmus akarudi Mpanda amekaa juu ya magunia, jogoo kwapani, anapiga mluzi.

Nyumbani kwake Makanyagio kulikuwa na banda la mabati nyuma ya jiko. Humo ndimo gereji ilimofunguliwa. Na hapa nimpe haki yake: kazi aliifanya. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi ya kweli kiasi kile, na nadhani hakujua kama anaifanya. Injini ilikuwa imeganda, akaimiminia dizeli kwenye silinda akaiacha ilale nayo mpaka pistoni ikalegea. Tenki akalitia kokoto na mafuta ya taa, akalitikisa mpaka mabega yakamkataa, kutu ikatoka kama uji wa ulezi. Ndani ya kabureta nyigu walikuwa wamejenga. Aliisafisha kwa mswaki wa mke wake, akaurudisha mswaki mahali pake.

Mke wake, Odeta, alikuwa fundi wa kushona. Tuseme ukweli, nyumba ile ilikula kwa cherehani ya Odeta. Erasmus alichangia maongezi. Dada yake Odeta alipojifungua kule Ikola, Odeta akafunga safari kwenda kumlea. Mlangoni akageuka.

"Baba, nakuachia nyumba. Cherehani usiiguse."

"Mke wangu! Mimi na cherehani wapi na wapi?"

Basi lilipokata kona tu, akaketi kwenye cherehani akashona kava la siti. Mshono ulikwenda kombo kama njia ya ng'ombe, ila siti ilivaa. Zikabaki ringi za pistoni, cheni na tairi, na vyote hivyo vilikuwa dukani kwa Athuman, muuza vipuri, mtu mpole sana ambaye hajawahi kumkopesha kiumbe yeyote.

"Lete kitu nikae nacho," alisema Athuman. "Ukileta changu, unachukua chako."

Erasmus akaenda nyumbani, akarudi na cherehani kichwani. Kwa siku chache tu, alijiambia. Odeta akirudi aikute pale pale, na vumbi lake. Kama asingeikuta, basi Erasmus angetafuta pa kulala, na si kwa wiki moja.

Siku ile injini ilipokubali, ilikohoa, ikapiga chafya, halafu ikanguruma, mabati ya banda yakatetemeka. Honda ilikuwa nyekundu, inameremeta, mtu unaweza kunyolea ndevu kwenye tenki lake. Erasmus akalia. Machozi ya kweli kabisa. Mtu mwingine angeishia hapo, akaipanda, akabeba abiria, akaikomboa cherehani taratibu. Lakini kuuza Honda kuukuu kama Honda kuukuu ni kazi ya watu wasio na kipaji.

Mteja aliyemtaka alikuwa Mzee Makoye wa Majimoto. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majina ya kuwapa, na bado akiona mtu ana mmoja hapati usingizi. Erasmus alimkuta mnadani, akamvuta pembeni.

"Mzee, naomba usimwambie mtu. Umewahi kusikia habari za Padri Gerardi?"

"Sijawahi."

Asingeweza kuwa amesikia. Padri Gerardi alizaliwa wiki ile ile, kichwani mwa Erasmus, akiwa na ndevu hadi kifuani tayari. "Alikuwa mmisionari wa Kibaoni, wa kwanza kupita Katavi kwa pikipiki. Simba wamelala barabarani, anapiga honi, wanampisha! Mto Katuma umefurika, anavuka, maji hayagusi soksi. Hiyo pikipiki ninayo. Ndugu zake huko Ulaya wanaitafuta waiweke kwenye jumba la makumbusho. Wakija hao Wazungu, hawatauliza bei."

Makoye akajikuna kidevu. "Wewe kwa nini usiwasubiri?"

"Mzee, nimeshindwa kusubiri! Nimetoa mpaka cherehani ya mke wangu kwa ajili ya Honda hiyo. Watoto watakula nini?" Hakuwa na watoto.

Makoye akaona hapo kuna mjinga wa kupigwa. Akasema atatoa madume mawili, makubwa, Wazungu wakija yeye ajuane nao. "Ila mimi sinunui hadithi, kijana. Ipeleke Kibaoni, kanisani, Jumapili ya mavuno. Watu wa kule wakisema wenyewe kwamba ni ya padri, na padri akaibariki, unaondoka na ng'ombe siku hiyo hiyo."

Dume moja lingeikomboa cherehani na chenji ibaki. Erasmus akaitikia kabla mzee hajafunga mdomo. Wiki nzima akawa anawapakia waendesha bodaboda hadithi ya Padri Gerardi, pamoja na ile ya cherehani ya mke wake, na hadithi ukiipakia kwenye bodaboda Mpanda asubuhi, mchana iko Kibaoni na imeongezeka simba wengine. Mpaka Jumapili ya mavuno inafika, kuna mzee mmoja kule alikuwa anaapa kwamba Padri Gerardi ndiye aliyembatiza.

Na Mama Theopista je? Aka, Erasmus hakuwa na wasiwasi. Alichukua rundo la kutu lenye mavi ya kuku, analeta bibi harusi. Mama mzee atajuaje?

Mama Theopista alijua kabla hajapita mlango wa kanisa. Honda ilikuwa imeegeshwa pale nje, imefungwa kitenge na maua, inasubiri kubarikiwa baada ya misa. Macho yake yakaenda chini, upande wa kushoto, kwenye chuma cha abiria kukanyagia. Kilikuwa kimepinda. Kilipinda siku Fabiani alipomwangusha mtaroni wakitoka kuuza mpunga, mpunga ule ule ulionunua pikipiki. Erasmus alinyoosha kila kitu, hicho akakisahau.

Mama akasimama pale. Alikumbuka mgongo wa mume wake, akakumbuka radi, wali, kuku, na jogoo wake mwekundu. Akapandwa na hasira. Halafu akaingia ndani, akakaa na kina mama wenzake, akawanong'oneza.

Sasa, kule Mpimbwe Jumapili ya mavuno matoleo hayapelekwi kimya kimya. Watu wanayacheza hadi altareni: magunia ya mpunga, mbuzi, kuku, maboga. Na kitu kikishachezwa hadi altareni na kunyunyiziwa maji ya baraka, kimekwenda. Hakuna aliyewahi kwenda kudai mbuzi wake. Erasmus alilijua hilo tangu utoto, lakini siku hiyo aliwaza ng'ombe tu. Aliposikia vigelegele, akaona kina mama wanaisukuma Honda inaingia kanisani, akajua mambo yamenyooka: baraka imesogezwa mbele. Akaruka kutoka kwenye benchi, akashika usukani, akacheza. Alicheza vizuri, walioona wanasema. Alicheza mpaka mbele.

Paroko akanyunyiza maji. "Tumshukuru Mungu," akasema, "na tumshukuru ndugu yetu Erasmus kwa toleo hili kubwa."

Erasmus akaganda, mguu mmoja hewani. "Baba Paroko, samahani, mimi nilileta kubariki tu."

Hakuna aliyesikia. Kwaya ilikuwa imekolea.

Wakati wa matangazo Mama Theopista akaomba neno. Akasimama mbele na khanga yake safi, uso mpole kama wa mtu anayetangaza zamu ya kufagia.

"Ndugu zangu, mmesikia habari za Padri Gerardi. Wengine wanauliza kama ni kweli. Ni kweli. Mimi nilimpikia." Kule nyuma Mzee Makoye akakaa wima. "Padri alipokuwa anaondoka, hiyo Honda alimwachia marehemu mume wangu, katekista. Akasema, Fabiani, hii isitoke nyumbani kwa katekista, iwafikie wagonjwa. Ilipoharibika, huyu kijana alikuja mwenyewe, kwenye mvua, akaniambia, mama, niachie niitengeneze, nitajitolea hata nikifa. Na leo ameirudisha. Mke wake ametoa hadi cherehani yake! Mungu awape nini?"

Kanisa likalipuka. Paroko akasema kama ndivyo marehemu padri alivyoagiza, yeye ni nani abadilishe? Irudi nyumbani kwa katekista. Akaukabidhi ufunguo kwa Mama Theopista.

Erasmus akamsogelea, kijasho kinamtoka. Akanong'ona, "Mama, hakuna Padri Gerardi. Unajua hakuna."

"Kumbe? Basi waambie." Mama akampisha njia ya kwenda mbele. "Nenda, mwanangu, wanakusikiliza."

Erasmus akatazama watu. Wakamtazama. Yule mzee aliyebatizwa na Padri Gerardi alikuwa anafuta machozi.

"Na radi, mama?" akauliza.

"Imeshabarikiwa. Radi haigusi mali ya Mungu."

Nje, Mzee Makoye alikuwa anawafungua ng'ombe wake. Alikuwa ameamini kila neno. "Kumbe pikipiki ilikuwa ya kweli, na mwenyewe yupo! Wewe ulitaka kuniuzia mali ya kanisa? Nife kwa laana?" Akayaswaga madume yote mawili kuelekea Majimoto, na Erasmus akayasindikiza kwa macho hadi mikia ikapotea.

Angeachwa hapo, angejikongoja kurudi mjini, akamtungia Odeta uongo mwingine. Lakini kina mama wa Kibaoni wana adabu. Mama wa watu ametoa cherehani yake, aachwe bila asante? Wakakodi gari siku hiyo hiyo, wakapakia mchele na kuku, wakampakia na Erasmus katikati. Njia nzima ya mbuga waliimba. Aliomba simba watokee. Hawakutokea.

Odeta alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Ikola, kifurushi cha dagaa bado mkononi. Kina mama wakamzunguka kwa vigelegele, Mama Theopista akamkumbatia.

"Mwanangu, mimi ni Mama Theopista wa Kibaoni, tumekuja kukushukuru. Kutoa cherehani, kitu kinacholisha nyumba, ili Honda ya kanisa itengenezwe! Moyo gani huo?"

Odeta akageuza shingo polepole kutazama kona ya sebule. Vipande vya nyuzi vilikuwepo. Akamtazama mume wake. Erasmus alisali pale mlangoni, na safari hii alimaanisha. Aliwaza kwamba Odeta akipiga kelele itakuwa aibu, lakini aibu huisha. Odeta hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Karibuni, mama zangu," akasema Odeta. "Hicho ni kidogo. Mume wangu hajawaambia ahadi yenyewe?"

"Ahadi ipi?"

"Aa, ni mtu wa aibu huyu. Aliapa kwamba ataukata na kuupura mpunga wote wa Mama Theopista, peke yake. Na ujira wake nikabidhiwe mimi, mkononi, mpaka cherehani yangu irudi."

Mama Theopista akamtazama Odeta, Odeta akamtazama Mama Theopista. Hawakuwahi kuonana kabla ya siku hiyo, na hawakuhitaji muda mwingi.

"Mpunga ni mwingi mwaka huu," akasema Mama Theopista.

"Ana nguvu," akajibu Odeta.

Sasa ukipita Kibaoni wakati huu wa mavuno utamwona. Yuko kwenye majaruba, mundu mkononi, mgongo umekunjika, anawasalimia wapita njia kwa heshima. Juzi Honda ilikuja ikasimama ukingoni, katekista mpya mbele, Mama Theopista nyuma na begi la kupelekea wagonjwa dawa.

"Erasmus mwanangu! Haivuti vizuri ikipanda kilima."

"Hiyo ni kabureta, mama! Wasiiguse hao, wataiharibu! Nakuja!" Akautupa mundu, akaanza kukimbia na matope yake, uso umechangamka mno.

Odeta, aliyekuwa amekaa juu ya magunia anasimamia, akakohoa mara moja tu. Erasmus akasimama katikati ya jaruba. Akaitazama Honda, akamtazama mke wake, akarudi kuutafuta mundu kwenye mpunga.