Benchi la Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeanza darasa la kuacha sigara. Sivuti sigara. Sijawahi. Lakini wiki iliyopita nilikwenda zahanati kupima madirisha (mimi ni fundi cherehani, mapazia ya pale nashona mimi), nikamsikia mwanamke anayefundisha darasa hilo, wote humwita Mwalimu, akimwuliza mgonjwa, kwa upole, ni kitu gani kinamzuia kuacha. Tangu mke wangu aondoke sijaulizwa jambo kwa sauti kama ile. Nikalipima dirisha lile upya, na upya tena.

Darasa limepangwa hivi. Mwalimu anasema mtu habadiliki kwa siku moja, hupita hatua, na kila hatua ina benchi lake. Wasiowaza kabisa kuacha hukaa mbele, magoti karibu yaguse meza yake. Wanaowaza, nyuma yao. Kisha wanaojiandaa, kisha walioacha. Waliodumu wako mlangoni, na wakimaliza hupigiwa makofi, wakaenda zao. Nikapiga hesabu. Nikakaa mbele.

Alhamisi, 6 Machi
Nina mpinzani. Dereva wa lori, tunamwita Ekzosi. Kifua kinamkoroma, basi Mwalimu anamwinamia yeye tu. Kikohozi changu hakimtishi mtu. Mwalimu akaniuliza navuta aina gani. Nikasema zote. Akaandika: zote.

Baada ya darasa nikamwomba Ekzosi sigara, nipate angalau harufu. Nilikohoa mpaka machozi. Akanipigapiga mgongo, akasema pole kaka, tutashinda tu. Mtu mwema. Simpendi.

Jumatatu, 10 Machi
Ekzosi kahamia benchi la pili! Kaiacha meza kwa hiari yake, mjinga yule. Nimebaki peke yangu, na Mwalimu kavuta kiti karibu. Anasema vitisho havimbadilishi mtu. Lazima aione hatari, aione faida, na zaidi ya yote aamini kwamba anaweza. Akasema yeye anaamini mimi naweza. Nusura niweze. Kisha nikaukumbuka mlango, nikasema siwezi hata kidogo.

Jumapili, 16 Machi
Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake, amenusa. Na mteja karudisha gauni, eti linanuka kama jiko la kuni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemweleza dada kwamba navuta kwa ajili ya afya. Akasema marehemu baba alizaa watoto wawili, mwenye akili mmoja. Sikuuliza yupi.

Alhamisi, 20 Machi
Nimejitosa. Nimemwalika Mwalimu chai. Hakukasirika. Alitazama chini, akasema hanywi chai na mtu aliye bado darasani kwake, ni mwiko wa kazi. Lakini siku nitakayofika mlangoni chai atanunua yeye, na tutazungumza mpaka tuchoke.

Nimeelewa. Hiyo ni chai ya kuagana, ya kumtoa mtu kwa heshima. Mimi si mtoto. Nilipotoka nje nikavuta mbili. Ya pili niliihitaji kweli.

Jumatatu, 14 Aprili
Ekzosi kamaliza. Nilimpigia makofi kuliko wote, kwa furaha ya kumwona anaondoka.

Jioni nilibaki kurekebisha pazia. Nikachungulia. Mwalimu na Ekzosi walikuwa mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Ekzosi akisimulia, Mwalimu akicheka, kichwa nyuma. Darasani hajawahi kucheka vile. Chai yao ikapoa, wakaagiza nyingine. Chai gani ya kuagana isiyoisha? Nilisimama na sindano mkononi, nikatamani kile kiti kiwe changu.

Jumatatu, 5 Mei
Mwalimu kahamia zahanati nyingine, karibu na kwa Ekzosi. Posa imeshapokelewa. Ekzosi mwenyewe kaniletea kitambaa cha gauni la harusi. Anasema bibi harusi kakataa mafundi wote, kamtaka yule wa benchi la mbele. Tena kaniletea salamu zake: bado anaamini naweza.

Vipimo vyake viko mbele yangu. Nimeamua nisivute mpaka gauni liishe, lisinuke. Nimevumilia mpaka saa nne asubuhi. Nikaanza kuiwaza sigara, mshono ukaenda upogo, nikatoka nje na kiberiti.

Nimetafakari sana kosa langu liko wapi. Sijaliona. Mwalimu mwenyewe alifundisha kwamba kurudi nyuma ni kawaida, hata waliopigiwa makofi hurudi. Basi na yeye huenda siku moja akarudi nyuma, na akirudi atanitafuta pale aliponiacha. Mwalimu mpya ni mwanamume, ana sauti ya mnadani, na ananisukuma benchi la pili. Nimekataa katakata. Alhamisi nitawahi mapema, mtu asije akanikalia nafasi yangu.