Mafaili Yangu Yote na Boti ya Jumatatu

Jumanne, 5 Machi 1996

Mzee Sitiveni anastaafu mwisho wa mwezi. Chumba cha kompyuta cha ofisi yetu ya boti kitahitaji mkuu. Tuko wawili: mimi, niliyezeekea humu, na Lupeti, aliyerudi juzi kutoka New Zealand na viatu vyeupe. Meneja wetu, Bwana Fatai, hajui kompyuta hata chembe. Amesema atafungua kabati la mafaili la kila mmoja humo ndani ya kompyuta aone nani ana kazi nyingi. Nimesali. Sikuomba cheo, niliomba haki. Ni kitu kilekile.

Jumatano, 6 Machi

Bwana Mungu amejibu. Mimi huandika programu, kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, huitafuna, halafu inatoa faili la kati, kisha inaunga yale ya kati kuwa faili moja linaloendeshwa. Basi. Kumbe ukiiamuru itoe zaidi, inatoa. Orodha ya mistari yenye namba. Ramani ya kila kipande kilipokaa. Faili la kusakia makosa. Hata tafsiri ya lugha ya mashine, ambayo hakuna binadamu hapa mjini Nukuʻalofa ataisoma. Programu moja, watoto sita. Si uongo. Wote ni damu yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Fatai amefungua kabati langu. Akanipiga bega. Aliuliza orodha ya mistari ni ya nini, nikamwambia ni ya wakaguzi. Ameiheshimu sana tangu hapo.

Lupeti akachungulia. Akasema, mbele za watu, "Kaka Semisi, mbona umetunza maganda? Sisi tunakula viazi vikuu." Wasichana wa tiketi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamjibu kwamba huko alikosoma walimfundisha majivuno tu. Nimemsamehe. Nitamsamehe tena kesho, leo haikuingia vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Boti ya Jumatatu inapeleka watu kisiwa cha Vavaʻu kwenye mkutano wa kanisa. Programu ya tiketi lazima ijue idadi mpya ya abiria. Lupeti alijitolea. Nikamwahi.

Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha. Lakini nikawaza, Jumatatu Fatai atapita tena. Nikaiamuru kompaila itengeneze programu zote upya, na watoto wote. Nafasi ndani ya kompyuta ikawa finyu, nikafuta mafaili ya zamani yanayoendeshwa. Mapya si yanakuja?

Kompyuta ikaenda polepole kama mgonjwa. Jioni mke wangu Kalolaine akaja kunitafuta, magimbi bado hayajamenywa. Akauliza itamaliza lini. Nikamwambia labda kesho asubuhi. Akanitazama. Kesho ni Jumapili, akasema. Nikamweleza kwamba sifanyi kazi mimi, inafanya yenyewe. Akaniuliza, "Na farasi wako akivuta mkokoteni Jumapili, Mungu atamuuliza farasi?"

Nikapiga magoti, nikachomoa waya.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya pumziko. Nikaona fahari, kompyuta yangu nayo imepumzika. Lupeti aliimba sauti ya pili kama mtu asiye na dhambi. Lu, nyama yetu ya Jumapili iliyofungwa kwa majani ya magimbi, ilikuwa na chumvi nyingi.

Jumatatu, 11 Machi

Siku mbaya. Foleni ilifika barabarani, wachungaji na mikeka yao. Programu ya tiketi haifunguki. Haipo. Mafaili ya kati yapo, orodha zipo, ramani zipo. La kuendeshwa hakuna, waya niliuchomoa kabla kompaila haijaunga. Kanisa lenye kwaya, kengele na mikeka, bila mhubiri.

Fatai akauliza inakuwaje mafaili yamejaa mpaka mlangoni na hakuna hata moja la kutoa tiketi. Nikamwonyesha orodha ya mistari. Akasema niikalie niende nayo Vavaʻu.

Nikaanza yote upya, na watoto wote. Bibi mmoja akaniambia taratibu, "Mwanangu, andika kwa mkono tu, mimi jina langu ni fupi." Ndipo Lupeti akaisimamisha kompyuta, akachukua mafaili ya kati, akayaunga. Tiketi zikatoka kabla bibi hajamaliza kunipa pole. Mafaili ya kati yangu! Hakuna aliyelitaja hilo. Boti iliondoka imechelewa, na wachungaji waliniombea kwa jina.

Jumanne, 12 Machi

Lupeti ndiye mkuu, kwa majaribio hadi Juni. Nilimpa mkono. Nilisoma zaburi ya maadui, yote, kwa sauti.

Nimelipima jambo hili kwa sala. Kosa langu ni moja tu, nilianza Jumamosi. Mwezi Juni nitaanza Alhamisi. Tena nimegundua mtoto wa saba: faili ambamo kompaila huandika maonyo yote iliyonipa. Ni nene kuliko wenzake wote. Sijalisoma, lakini nimeliweka juu kabisa, Fatai alione kwanza.