Vita vya Zamu, au Jinsi Saturnina wa Tanuri Alivyoteka Chumba Kule Alicante

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama mpaka magoti yakalia, enyi mliosukumwa pembeni na mwenye koti zuri, enyi mnaokumbuka. Kwa maana wasiokumbuka hawatanielewa, nami sina haja nao. Acheni kahawa zenu zipoe. Nasimulia vita vilivyopiganwa mjini Palencia, asubuhi ya Oktoba, ukungu ukiwa umemeza mto na nusu ya kanisa kuu, mbele ya mlango mmoja wa kioo wa ofisi ya safari. Vita hivyo havikumwaga kitu ila kahawa kidogo, na waandishi wa wakubwa hawatavitia kitabuni, kwani wao huandika aliyekata utepe na kumsahau aliyepanga vigae. Ewe Kumbukumbu, mama wa wanyonge, nipe pumzi, nisiruke hata kikohozi kimoja.

Siku hiyo zilikuwa zinafunguliwa nafasi za safari za wastaafu, zile ambazo kwazo serikali huwashusha wazee wa nyanda za baridi wakaote jua la pwani wakati wa kipupwe, matajiri wakiwa wameshaondoka. Na Saturnina binti Gaudencio, Saturnina wa Tanuri, mwenye viganja visivyoogopa moto, aliyeoka biskuti kiwandani ujana wake wote hadi jasho lake likanukia vanila, alikuwa ameamka na neno moja tu kifuani: Miralobos.

Miralobos ni hoteli, huko Alicante, imeitazama bahari kama bwana aliyeinunua. Mume wa Saturnina, Eutimio, angali kijana, alishuka huko kwa treni pamoja na vijana wengine wa Castilla, nyanda zetu hizi, waliokimbia njaa, akaipangia hoteli hiyo vigae ghorofa kwa ghorofa, sakafu kwa sakafu. Siku ya uzinduzi alifua shati, akachana nywele, akaenda kuitazama kazi yake taa zikiwaka. Bawabu akamshika bega, akamwelekeza mlango wa jikoni. Eutimio aliitaja habari hiyo mara moja tu, siku za uchumba, kisha akaifungia. Saturnina hakuifungia. Aliibeba kama wengine wanavyobeba picha ya mtakatifu, na kila mwaka alikwenda kuitafutia haki, na kila mwaka Miralobos ilikuwa imekwisha jaa. Mwaka uliopita walipelekwa kwenye mabafu ya maji moto milimani, ambako mvua haikukatika na wao wakachemshwa kama dengu. Safari hii aliapa: Eutimio ataingia kwa mlango wa mbele, amevaa viatu vya Jumapili, na begi lake libebwe na mtu mwingine.

Sasa sikieni sheria ya vita ya watu hawa. Mstari hawaupangi. Anayefika huuliza kwa sauti, "Wa mwisho nani?" na mmoja hujibu, "Mimi," na tangu hapo wawili hao wameungana kama mabehewa: aende anywe kahawa, aingie duka la dawa apimwe presha, akae benchi asinzie, zamu yake haimponyoki. Mpita njia angeona wazee watatu tu mlangoni na uwanja mtupu. Jeshi zima lilikuwa limejificha.

Saturnina alipofika alipaza sauti yake ya kiwandani, ile iliyozoea kushindana na mashine:

"Wa mwisho nani?"

"Mimi, shoga," akajibu Teófila, mjane mwenye kijibwa kilichovishwa sweta. "Na nikizubaa nisisikie nikiitwa, nipige kiwiko."

"Nitakupiga viwili."

Punde akafika Heliodoro, fundi matrekta mstaafu, akauliza, akajibiwa na Saturnina, akaenda zake baa kutafuta kimanda cha viazi. Saturnina akarudi benchini alikokuwa ameketi Eutimio, mikono mapajani, skafu hadi puani.

"Satu, twende zetu," akasema Eutimio. "Hoteli ni hoteli. Hata yale maji ya milimani hayakuwa mabaya."

"Ulirudi umekunjamana kama tini kavu."

"Lakini magoti yalilainika."

"Funga skafu, mume wangu, na mdomo pia."

Alimjua. Mtu asiyetaka kitu hasugui viatu alfajiri, na Eutimio alikuwa amevisugua vyake vikang'aa, kwenda kukaa benchi tu.

Hapo ndipo ukungu ulipopasuka akatoka Don Leandro. Koti la sufu la rangi ya ngamia, glavu za ngozi, kidevu juu. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa kiwanda cha biskuti, bwana wa saa, aliyesimama miaka na miaka mlangoni mwa choo cha wanawake akiwapimia dakika zao, na aliyecheka siku walipogoma kwenye theluji akasema watarudi njaa ikiwauma. Walirudi, ndiyo, baada ya kupata walichodai. Lakini kicheko kile bado kinasikika Palencia, kwa wenye masikio ya zamani.

Don Leandro akatazama mlangoni, akaona watu watatu, akasimama wa nne. Hakuuliza. Maishani mwake hakuwahi kuuliza, yeye aliulizwa.

Ikaenda hivyo, mmoja akiingia, mwingine akitoka, wengine wakichomoka baa na duka la dawa kila zamu yao ilipofika, na kila mara Don Leandro akiwatazama kama watu waliochanganyikiwa. Hatimaye Teófila akaingia, akatoka anacheka, kijibwa kwapani. "Torremolinos!" akatangaza jina la mji wake wa pwani, kama aliyerudi na kichwa cha adui. Nyuma yake Begoña, binti wa ofisi, akachungulia nje, kalamu nyweleni.

"Anayefuata! Na jamani, nasema mapema msije mkanilaumu: Miralobos kimebaki chumba kimoja."

Benchini Eutimio akainua kichwa. Alikishusha haraka, lakini mkewe alikuwa ameona. Akasimama. Na alipokuwa akisimama, maana magoti ya tanuri hayasimami mara moja, Don Leandro alikuwa ameshaushika mpini wa mlango.

"Don Leandro!"

Njiwa waliruka kutoka mgongo wa kanisa. Mkono wa bwana wa saa ukaganda.

"Zamu hiyo ni yangu," akasema Saturnina, akivuka uwanja mkoba kifuani kama ngao.

"Bibi, mimi nimesimama hapa saa nzima," akasema Don Leandro kwa upole ule ule aliokuwa akikatia mishahara. "Kwa miguu yangu, barazani, baridini. Nyinyi mlikuwa mmekaa. Wengine wanakula. Mstari ni wa waliosimama, sivyo? Au Palencia imeanzisha sheria mpya?"

Yalikuwa maneno makali, tena yenye sura ya haki, na msikilizaji dhaifu angeyumba. Hata Begoña aliyumba. "Bibi Saturnina," akasema, "kwa kweli bwana nimemwona hapa mlangoni muda mrefu."

"Umemwona, binti yangu, kama unavyoiona nguzo ya taa. Nayo imesimama muda mrefu. Utaiuzia chumba?" Akamgeukia adui. "Don Leandro, nakuuliza neno moja tu. Ulipofika, zamu ulimwomba nani?"

"Kumwomba?"

"Ulimuuliza nani, nani wa mwisho?"

Don Leandro akafungua mdomo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa chini yake wa kumjibia. Hakuwepo.

"Sikuona haja," akasema.

"Basi hapo ndipo ulipoanguka," akanena Saturnina, naye akapanda juu ya kizingiti, akawa mrefu kumpita kidogo, akaugeukia uwanja. "Wenzangu! Tuliosimama pamoja kwenye theluji! Huyu bwana anasema hapa hakuna mstari. Hebu mstari ujionyeshe! Mimi niko nyuma ya Teófila!"

"Nyuma yangu kabisa!" akalia Teófila, ambaye hakuwa ameondoka, maana nani angeondoka. Na kijibwa kikabweka, kikatia saini yake.

Hapo, enyi mnaosikiliza, jeshi likainuka kutoka ukunguni. Heliodoro akatoka baa mdomo umejaa kimanda: "Na mimi niko nyuma ya Saturnina!" Bibi mmoja mwenye msuko mweupe akatoka duka la dawa mkono wa sweta umekunjwa: "Na mimi nyuma ya Heliodoro!" Wakatoka vibarazani na mabenchini, kwa fimbo, kwa mikokoteni ya sokoni, mmoja kikombe kikimwagika, kila mmoja akitaja wa mbele yake, jina likishikana na jina, mpaka mnyororo ule ukauzunguka uwanja na kufika kwa mwanamke mdogo aliyejikunja chini ya mwavuli, Patrocinio, ambaye zamani alikatwa ujira wa siku nzima kwa kukawia chooni akiwa mjamzito.

"Na wa mwisho ni mimi," akasema Patrocinio. "Nyuma yangu hakuna mtu. Hakuna aliyeniuliza."

Don Leandro akauachia mpini. Akazishuka ngazi mbili za ofisi, akaukata uwanja wote chini ya macho yale yote, akasimama mbele ya mwavuli. Akavua glavu moja, Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

"Wa mwisho nani?" akauliza. Kwa sauti ndogo, lakini tulisikia.

"Mimi, Don Leandro." Patrocinio akamtazama toka kiatu hadi kofia, na kama alikuwa na jingine la kusema, alilimeza. "Nenda baa ukapate kahawa, umekuwa bluu. Nakushikia. Na ukitaka kwenda haja, nenda. Mimi sina saa."

Uwanja ulicheka mpaka ukungu ukatikisika, na nasikia hata yeye pembe ya mdomo ilimcheza, ingawa hilo silithibitishi.

Saturnina hakubaki kushangilia. Aliingia, akaketi, akaweka mkoba mezani.

"Miralobos. Wawili. Mimi na yule pale wa viatu vinavyong'aa."

Begoña akagonga kompyuta yake, akasita. "Ila nikuambie ukweli, mama. Ni upande wa nyuma. Bahari haionekani. Dirisha linatazama ua wa jikoni."

Saturnina akaubana mkoba. Ua wa jikoni! Akageuka ili amwite mumewe, lakini Eutimio alikuwa ameshaingia, kofia mkononi, amesikia yote.

"Mlango upi?" akauliza.

"Mlango gani tena, babu?"

"Wa kuingilia. Wageni wa upande wa nyuma wanaingilia mlango upi?"

"Wa mbele," akasema Begoña, asijue amesema nini. "Wote wanaingilia wa mbele. Mlango ni ule mmoja."

Eutimio akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kisha akaegemea meza akamwambia binti, kama mtu anayetoa siri ya ukoo: "Chukua. Upande wa nyuma vigae ndivyo vyangu. Ule wa mbele walipewa watu wa Valencia, nao walikuwa na haraka."

Muhuri ukagongwa. Ikaandikwe basi, kwa wino usiofutika, juu ya kila tarehe ya wafalme na kila tarehe ya mabenki: kwamba katika Oktoba hiyo, mjini Palencia, mwoka biskuti mmoja aliteka chumba kimoja chenye vitanda viwili, cha kutazama ua, kwa siku nane za Februari, na kwamba mpanga vigae Eutimio alitoka ofisini humo akitembea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, akimuuliza mkewe kama bawabu wa hoteli hupewa bakshishi kabla ya kubeba begi, au baada.