Uvimbe wa Siku ya Tatu

Alhamisi, tarehe 6
Vita vimeanza! Mkuu wa idara ya mifugo anataka kujua njia ipi inanasa vizuri zaidi kifua kikuu cha ng'ombe: sindano yangu zizini, au kisu cha shemeji machinjioni. Mshindi ataongoza mradi wote. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mkaguzi wa nyama, hata harusini ananuka damu. Mimi nimesubiri cheo miaka kumi na moja. Safari hii sikubali!

Nimechoma shingo za ng'ombe ishirini na wawili wa mama mkwe. Ng'ombe mmoja kikongwe, mwekundu, kanipiga teke gotini. Kanuni inataka nirudi siku ya tatu kupima uvimbe, maana mwenye ugonjwa huvimba palipochomwa. Yaani Jumapili. Jumapili!

Ijumaa, tarehe 7
Nasikia shemeji atapeleka ripoti Jumatatu. Basi, yangu naipeleka leo! Uvimbe kama upo, upo tu. Nimepita zizini na rula. Shingo zote laini. Nimeandika: kundi safi. Mama mkwe aliuliza mbona nimewahi. Nikamwambia utaalamu umesonga mbele, nikamwachia nakala.

Jumamosi, tarehe 8
Nimemwambia mke wangu aache kuchemsha maziwa ya kwa mama yake, anamaliza mkaa bure. Akawachemshia watoto vilevile. Mimi nimekunywa mabichi vikombe vitatu, mbele ya shemeji, huku namkazia macho.

Jumatatu, tarehe 10
Balaa! Mama mkwe aliamini karatasi yangu, akamuuza yule kikongwe machinjioni. Jana shemeji kakata mapafu yake: vinundu vya kifua kikuu tupu! Akaenda zizini moja kwa moja. Shingo nne zimevimba.

Leo kamwambia mkuu kwamba sindano ndiyo bora. Kisu chake kimemwona mmoja, tena keshachinjwa. Sindano imewaona wanne wakiwa hai. Tatizo, kasema, ni mchomaji. Njia yangu imeshinda, na mradi kapewa yeye!

Mama mkwe hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo, akaniuliza kama hao wanne lazima wachinjwe. Nikaona haya.

Jumanne, tarehe 11
Mke wangu kanisukuma hadi kliniki, kwa ajili ya vile vikombe vitatu. Muuguzi kanichoma mkononi. Kasema nirudi Ijumaa, siku ya tatu, asome uvimbe.

Jumatano, tarehe 12
Nimejipima kwa rula. Mkono laini kabisa! Ijumaa sina haja ya kurudi. Nimejiandikia mwenyewe: safi. Nakala nimeibandika jikoni, juu ya sufuria ya maziwa.