Mazoezi ya Samaki Vizimbani

Idara ya Ustawi wa Vizimba ina furaha kuutangazia umma kwamba vimelea wa samaki wamekwisha ziwani. Hawakufa. Wamefutwa kwa waraka, na waraka niliuandika mimi, Naibu Mkurugenzi, kwa mkono wangu.

Chokochoko zilianzia kwa mjane mmoja tunayemwita Mama Vizimba, kwa kuwa riziki yake na ya wanawe inaogelea ndani ya vizimba vya wavu, kwenye ghuba iliyotulia mbele ya ofisi yetu. Mkurugenzi alikuwa ameagiza kila kizimba kiongezwe samaki mara mbili ili takwimu zinenepe. Zikanenepa. Samaki wakakonda.

Mama akaja na ndoo. Ndani mlikuwa na samaki aliyegandwa na chawa wa maji hadi mapezini.

"Mkubwa, wamebanana mno," alisema. "Mdudu akitoka kwa huyu hana safari, jirani yupo ubavuni. Na maji yenyewe yamelala. Niruhusuni niwapunguze, niwasogeze kilindini kwenye mkondo. Hawa wakiniishia, sina pa kushika."

"Mama yangu," Mkurugenzi alimjibu kwa upole, "kizimba kina wavu. Mdudu asiye na kibali atapitaje?"

"Wavu una matundu, baba."

"Hayo ya matundu yana kitengo chake."

"Haya, na mbona wanajisugua kwenye wavu kutwa kucha?"

Hapo nikaonyesha kwa nini nina gari la serikali. "Wanafanya mazoezi," nikasema.

Mkurugenzi aliipenda, ikaingia kwenye waraka: samaki anayejisugua ahesabiwe mwanamichezo. Kila asubuhi nilimwona Mama akiopoa wanamichezo waliokufa. Roho iliniuma, kusema kweli, nikafunga pazia.

Kisha Waziri akataka ushahidi kwamba kubanana hakudhuru. Mkurugenzi, mtu wa vitendo, akaihamishia idara nzima kwenye stoo ya nyavu. Tulifanya kazi humo, tukala humo, tukalala godoro kwa godoro, tukimsubiri Waziri aje ajionee. Mtunza stoo alikuwa na kaupele kidogo tu katikati ya vidole. Waziri naye akachelewa mwezi na ushee, kama inavyostahili cheo chake.

Alipofungua mlango, Mkurugenzi alikuwa anajisugua mgongo kwenye fremu. Mimi nilikuwa kwenye rafu. Mhasibu, kwa uhaba wa kuta, alikuwa anajisugua kwa karani.

"Vipi tena?" Waziri akauliza.

Mkurugenzi alibandua mgongo kwenye fremu. Angesema tunawashwa, waraka ungekufa.

"Mazoezi, Mheshimiwa."

"Ni kweli," Mama Vizimba akadakia kutoka mlangoni, ndoo mkononi. "Ndiyo hayo hayo ya samaki wangu. Sasa Mheshimiwa, kama mfano mnao humu, wangu wa nini? Niruhusuni niende nao kilindini."

"Nenda, mama. Mifano miwili ni ubadhirifu." Kisha akatugeukia akitabasamu. "Nanyi endeleeni hapa hapa. Nitawaongezea wenzenu wa idara jirani, muwe mara mbili."

Sasa samaki wa Mama wako kwenye mkondo, wanaruka kwa raha zao. Tunawatazama dirishani kwa zamu.

Jana nilitoroka hadi zahanati, nikaomba dawa ya kupaka. Mganga aliutazama mgongo wangu, kisha akaunyooshea kidole waraka wangu, uliobandikwa ukutani kwa agizo letu wenyewe.

"Mwanamichezo hapewi dawa, mzee," alisema. "Hongera."